Je, Wajua? Wimbo Ni wa Nani?

Vijana wanne wakijifungia chumba kimoja miaka mitano, wimbo mmoja huwa na baba wanne. Mmoja kaleta maneno, wa pili kapata mlio wa gitaa, wa tatu besi, na wa nne kaupa wimbo mwendo kwa drams zake. Siku wimbo unapata jina redioni, karatasi ya malipo huandikwa baba mmoja. Hapo ndipo kinyongo huzaliwa.

Safari hii safu yetu inapita miji mitatu ya Marekani: Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus makao makuu ya Ohio, na Buffalo katika jimbo la New York. Kwa barabara, Louisville hadi Columbus ni kama kilomita 340, na Columbus hadi Buffalo ni kama kilomita 530. Bendi nyingi za roki za miji hii huzaliwa na watoto wa mtaa mmoja au shule moja. Ndiyo maana zikivunjika, panauma kama nyumba ya ndugu.

LOUISVILLE

1. Je, wajua kwamba Louisville, alikozaliwa bondia Muhammad Ali mwaka 1942, inatajwa na wapenzi wa roki dunia nzima kwa sababu ya albamu yenye nyimbo sita tu? Albamu hiyo ni *Spiderland* ya bendi ya Slint, iliyotoka mwaka 1991 chini ya lebo ya Touch and Go ya Chicago. Waliourekodi muziki huo walikuwa vijana wa umri wa miaka ishirini hivi.

2. Wajua kwamba albamu hiyo ilipofika madukani, bendi yenyewe ilikuwa imeshakufa? Ilirekodiwa Agosti 1990 huko Chicago kwa siku nne. Baada ya kazi hiyo Brian McMahan, mwimbaji na mpiga gitaa, alijiondoa. Hapakuwa na ziara ya kuinadi albamu. Sifa zote zilikuja kwa kundi ambalo halikuwepo tena kuzipokea.

3. Wajua kwamba Slint yenyewe ilichipuka kwenye kisiki cha bendi nyingine? McMahan alitokea Squirrel Bait, bendi ya Louisville ya miaka ya 1980 iliyoanzishwa na vijana wa sekondari. Ilipovunjika, mcharaza gitaa David Grubbs akaunda Bastro. Mti mmoja uliokatwa ukatoa machipukizi mawili, na mji ukapata muziki zaidi kuliko uliopoteza.

4. Wajua kwamba nyimbo za albamu ya kwanza ya Slint, *Tweez*, zimepewa majina ya wazazi wa wanabendi? Kila mmoja alimtunukia mama na baba yake wimbo. Wimbo mmoja tu ndio ulioachwa nje ya utaratibu huo: una jina la Rhoda, mbwa wa mpiga drams Britt Walford. Ni vigumu kupata ushahidi mzuri zaidi wa bendi iliyozaliwa sebuleni kwa watu.

5. Wajua kwamba mpiga besi wa kwanza wa Slint hakuondoka kwa ugomvi wa fedha, bali kwa ajili ya sauti? Ethan Buckler hakuridhika na namna fundi wa sauti Steve Albini alivyoirekodi *Tweez*. Kwake yeye, ule haukuwa muziki waliokuwa wakiupiga mazoezini. Aliondoka, Todd Brashear akashika besi, na Buckler akaunda bendi yake, King Kong. Miongoni mwa waliompigia siku za mwanzo ni David Pajo, mpiga gitaa wa Slint ileile. Waliachana katika kazi, hawakuachana katika urafiki.

6. Wajua kwamba picha ya jalada la *Spiderland* ilipigwa na rafiki yao Will Oldham, ambaye baadaye naye akawa mwanamuziki mashuhuri? Inaonyesha vichwa vinne vikielea juu ya maji, katika machimbo ya mawe yaliyojaa maji ng'ambo ya mto, jimboni Indiana. Vijana wale wanatabasamu. Anayeitazama leo anawaona marafiki wanne wanaoogelea pamoja kwa mara ya mwisho wakiwa bendi moja.

7. Wajua kwamba kwenye jalada hilohilo waliandika tangazo la kutafuta waimbaji wa kike, pamoja na anwani ya kuandikia barua? Tangazo linatafuta sauti mpya, na mwenye sauti ya zamani keshaondoka.

8. Wajua kwamba walirudi jukwaani mwaka 2005, takriban miaka 14 baada ya albamu ile? Na mwaka 2014 ikatoka filamu ya maisha yao, *Breadcrumb Trail*, iliyotengenezwa na Lance Bangs. Ukubwa wa kazi ya ujana ulikuja kuonekana walipokuwa watu wazima.

9. Wajua kwamba David Pajo aliwahi kuingia bendi yenye majina makubwa, nayo ikavunjika vibaya? Bendi hiyo ni Zwan ya Billy Corgan, yule wa Smashing Pumpkins. Ilianza 2001, ikatoa albamu moja mwaka 2003, na mwaka huohuo ikasambaratika. Corgan hakuficha uchungu wake juu ya wenzake hata baadaye. Wanamuziki watano hodari kukaa pamoja hakutoshi kuwa bendi: watano wale hawakuwa na chumba kimoja walichokulia pamoja.

10. Wajua kwamba mwangwi uliowapa sifa My Morning Jacket, bendi iliyoanzishwa Louisville mwaka 1998, ulitoka kwenye ghala la nafaka? Walirekodi shambani Shelbyville, Kentucky, kwa babu na bibi wa mpiga gitaa Johnny Quaid, na mwimbaji Jim James alikuwa akiimbia ndani ya ghala refu la mviringo ili sauti irudi kubwa. Quaid na James ni binamu. Hata hivyo mwaka 2004 Quaid na mpiga kinanda Danny Cash waliaga, wamechoshwa na maisha ya barabarani. Carl Broemel na Bo Koster wakaingia, na bendi ikaendelea. Si kila anayeondoka amekasirika. Wengine wamechoka tu, na bendi yenye busara hujua tofauti.

COLUMBUS

11. Je, wajua kwamba Columbus ina moja ya jumuiya kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani? Msomaji wetu akifika huko atakuta sambusa na chai ya maziwa kama za Eastleigh. Mji huohuo ndiko ilikotoka Twenty One Pilots, moja ya bendi zilizouza sana muziki katika miaka ya 2010.

12. Wajua kwamba jina la bendi hiyo limetoka kwenye tamthilia? Tyler Joseph alilipata katika *All My Sons* ya Arthur Miller, ya mwaka 1947. Ndani yake mwenye kiwanda anauza vipuri vibovu vya ndege ili asipate hasara, na marubani 21 wanakufa. Miller alichota kisa chake katika tukio la kweli la Ohio. Bendi ilibeba jina hilo kama ukumbusho: chagua lililo sawa, hata kama lina gharama.

13. Wajua kwamba Twenty One Pilots ilianza 2009 ikiwa na watu watatu, na wawili kati yao wakaondoka kabla ya neema? Mpiga besi Nick Thomas na mpiga drams Chris Salih walijitoa mwaka 2011, maisha na ratiba vikiwa vimewaelemea. Mwaka uliofuata bendi ikasaini na lebo ya Fueled by Ramen. Waliaga kwa maneno mema, nasi tuwape heshima yao: albamu ya kwanza, ya Desemba 2009, ina mikono yao.

14. Wajua kwamba Josh Dun, aliyeshika drams baada ya Salih, alitokea bendi nyingine ya Columbus iitwayo House of Heroes? Nafasi ya mpiga besi haikujazwa. Wawili hao waliamua kwamba ala zilizokosa mtu zitapigwa kutoka kwenye sauti zilizokwisha kurekodiwa. Watu wawili, maamuzi machache, magomvi machache. Mwaka 2017 walipanda jukwaani kuchukua tuzo ya Grammy kwa wimbo wao *Stressed Out*.

15. Wajua kwamba Attack Attack!, bendi ya kitongoji cha Westerville pembeni mwa Columbus, ilimpoteza mwimbaji wake mara tu baada ya albamu ya kwanza? *Someday Came Suddenly* ilitoka Novemba 2008, na Austin Carlile akatolewa. Alikwenda California akaanzisha Of Mice & Men mwaka 2009. Bendi hiyo aliyoianzisha mwenyewe nayo ilimweka pembeni 2010, ikamrudisha 2011. Kuanzisha kundi si hati ya kulimiliki.

16. Wajua kwamba Caleb Shomo aliingia Attack Attack! akiwa kijana mdogo wa kinanda, akaishia kuwa mwimbaji wake mkuu? Alijitoa mwishoni mwa 2012, akaunda Beartooth hapohapo Columbus. Na sikiliza hili: studioni, Beartooth ni mtu mmoja. Shomo hupiga gitaa, besi na drams mwenyewe, kisha wenzake humsindikiza jukwaani. Njia hiyo inaua ubishi wa nani katunga nini. Lakini inaua pia ile bahati ya mwenzako kukuletea kitu ambacho usingekiota peke yako.

BUFFALO

17. Je, wajua kwamba bendi maarufu kuliko zote za Buffalo, mji wa theluji nzito kando ya Ziwa Erie, ilipata jina lake kwenye tangazo la mwanasesere? Vijana watatu, Johnny Rzeznik wa gitaa, Robby Takac wa besi na George Tutuska wa drams, walianza mwaka 1986 kwa jina chafu ambalo hakuna mwenye ukumbi aliyetaka kulibandika ukutani. Wakahitaji jina upesi, wakafungua gazeti la visa vya uhalifu, wakakuta tangazo la mwanasesere. Wakawa Goo Goo Dolls.

18. Wajua kwamba mwimbaji wao wa mwanzo hakuwa Rzeznik, ambaye dunia inamjua leo? Alikuwa Takac, mpiga besi. Katika albamu ya kwanza, ya 1987, sauti inayotawala ni yake. Polepole, albamu kwa albamu, Rzeznik akajifunza kuimba na kutunga, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 nyimbo zilizokuwa zikipigwa redioni zote zilikuwa zake.

19. Wajua kwamba Rzeznik alifiwa na baba na mama kabla hajawa mtu mzima? Baba alifariki mwaka 1981, mama akafuata muda mfupi baadaye. Kijana akalelewa na dada zake wakubwa wanne. Kwa mtu aliyepoteza nyumba mapema hivyo, bendi huwa zaidi ya kazi.

20. Wajua kwamba walipopata wimbo wa kwanza mkubwa, *Name* wa mwaka 1995, fedha hazikuja? Albamu yake, *A Boy Named Goo*, iliuzwa nakala zaidi ya milioni 2 Marekani. Lakini walikuwa wamefungwa na mkataba wa zamani na Metal Blade, lebo iliyowachukua wakiwa wadogo, na malipo yalikuwa haba. Walikwenda mahakamani, wakamaliza kwa mapatano, wakahamia Warner Bros. moja kwa moja.

21. Wajua kwamba mtu aliyepiga drams katika albamu hiyo hakuwepo kwenye bendi ilipotoka? Ni George Tutuska, mmoja wa wale watatu wa 1986. Mvutano juu ya mgawanyo wa mirabaha ulikuwa umeingia kati yake na wenzake, na mwishoni mwa 1994 wakaachana, miezi michache kabla ya mafanikio. Miaka minane ya kulala ndani ya gari la bendi, kisha wimbo wako unalia kila redio nchini, nawe umekaa nyumbani unasikiliza. Hakuna kisa katika safu hii kinachonigusa kuliko hiki.

22. Wajua kwamba aliyechukua kiti chake, Mike Malinin, alikaa karibu miaka 19? Alizunguka dunia na bendi hiyo mpaka mwisho wa 2013, naye akaondoka. Kiti cha drams mara nyingi hubadilisha watu katika roki, na sababu mojawapo tutaiona mbele kidogo.

23. Wajua kwamba *Iris*, wimbo ambao Rzeznik aliutunga kwa ajili ya filamu ya *City of Angels* mwaka 1998, ulikaa wiki 18 kileleni mwa chati ya Billboard ya nyimbo zinazopigwa redioni? Mwaka 2012 Billboard iliuweka namba moja katika orodha yake ya nyimbo 100 za pop za miaka 20 tangu 1992. Rzeznik aliupata akiwa amekwama, akifikiria hata kuacha muziki.

24. Wajua kwamba hata baada ya mafanikio hayo, Takac hakunyamazishwa? *Dizzy Up the Girl* ya 1998 ina nyimbo 13, na 4 kati yake anaziimba yeye. Hazikuwa za kuuza albamu. Ziliwekwa kwa sababu bendi ni yake pia.

25. Wajua kwamba Buffalo imetoa pia kisa cha ndugu wa tumbo moja? Keith Buckley, mwimbaji, na Jordan Buckley, mpiga gitaa, walianzisha Every Time I Die mwaka 1998. Keith alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na maneno ya nyimbo yalikuwa yake. Kila Desemba waliandaa tamasha mjini kwao, wapenzi wakisafiri kutoka mbali kuwafuata kwenye baridi ile.

26. Wajua kwamba bendi hiyo ilikufa katika kilele chake? Albamu ya tisa, *Radical*, ilitoka Oktoba 2021 na kusifiwa sana. Desemba Keith akatangaza kupumzika kwa ajili ya afya ya akili, maneno makali kati ya ndugu yakatoka hadharani, wakapiga tamasha lao la mwisho, na Januari 2022 ikatangazwa kwamba kundi limekwisha. Baada ya miaka 24, Keith yuko Many Eyes. Jordan na wenzake wako Better Lovers. Makundi yote mawili yalitoa albamu mwaka 2024. Muziki umeongezeka, ndugu wamepungukiwa.

27. Wajua kwamba mpiga gitaa mwingine wa Every Time I Die, Andy Williams, alikuwa pia mpiganaji mieleka wa kulipwa? Katika ulingo wa AEW aliitwa The Butcher. Alipigana mbele ya kamera na kupiga gitaa usiku, na ugomvi uliomshinda ukawa ule wa ndani ya bendi.

28. Wajua kwamba Cannibal Corpse, bendi ya muziki mzito wa aina ya death metal iliyoanza Buffalo mwaka 1988, ilimfukuza mwimbaji wake albamu ikiwa jikoni? Chris Barnes, aliyekuwa akiandika maneno ya nyimbo, alikuwa na kundi lake la pembeni, Six Feet Under, na hawakukubaliana tena juu ya kazi. Mwaka 1995 akatolewa, George Fisher akaja kuimba upya, na *Vile* ya 1996 ikawa albamu ya kwanza ya aina hiyo ya muziki kuingia orodha ya Billboard 200. Mwenye ndoa mbili za muziki huulizwa siku moja ataacha ipi.

29. Wajua kwamba Rick James, nyota wa funk aliyezaliwa Buffalo mwaka 1948, aliwahi kuwa katika bendi moja na Neil Young? Alikuwa ametoroka jeshi la majini la Marekani, akavuka kwenda Toronto, akaimba na bendi ya Mynah Birds, na pamoja na Young wakarekodi kwa lebo ya Motown mwaka 1966. Ugomvi wa fedha na meneja ukafanya siri ya utoro wake ifike kunakohusika. Akajisalimisha, na kazi zao zikafungiwa kabatini.

30. Wajua kwamba kuvunjika huko ndiko kulikozaa Buffalo Springfield? Young na mpiga besi Bruce Palmer waliendesha gari la kubebea maiti mpaka Los Angeles, wakakutana na Stephen Stills barabarani, na bendi ikazaliwa. Jina walilisoma kwenye mashine ya kushindilia barabara iliyoegeshwa nje: kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeunganisha watengenezaji wa Buffalo na wa Springfield, Ohio, mji ulio magharibi mwa Columbus.

31. Wajua kwamba bendi ile haikudumu? Stills na Young wote walikuwa watunzi na wote walikuwa wapiga gitaa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Young alijitoa kabla ya tamasha kubwa la Monterey la Juni 1967, akarudi, na wakawa wanarekodi kila mtu kivyake. Mei 1968 ilikuwa imekwisha: miaka miwili, albamu tatu.

MZIZI WA KINYONGO

32. Je, wajua kwamba kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili tofauti? Moja ni ya utunzi, yaani maneno na mahadhi. Nyingine ni ya rekodi yenyewe. Mtunzi huvuna kwenye ya kwanza hata kama hakupiga ala. Mpiga drams asiyeandikwa mtunzi huvuna kwenye ya pili tu, baada ya lebo kukata gharama zake.

33. Wajua kwamba redio za kawaida za Marekani hazimlipi kabisa mwimbaji wala mpiga ala? Humlipa mtunzi na mchapishaji wake. Nchi nyingine nyingi humlipa na mpiga ala pia. Kwa hiyo watu watatu waliopanda jukwaa moja wanaweza kurudi nyumbani mmoja na gari jipya, wawili na nauli. Wakati bendi haina kitu, tofauti hii haionekani. Wimbo wa kwanza mkubwa ndio huifunua.

34. Wajua kwamba kuanzia 2006 hadi 2022 malipo ya kisheria ya mtunzi kwa kila nakala ya wimbo uliouzwa Marekani yalikuwa senti 9.1? Ni kidogo. Zidisha kwa nakala milioni 2 na nyimbo kumi, unapata dola milioni 1.82. Jina kuandikwa au kutoandikwa kwenye mstari mmoja wa jalada ni nyumba, ni ada za watoto, ni uzee.

35. Wajua kwamba R.E.M. ya Georgia iliukata mzizi huu mapema? Nyimbo zao zilisajiliwa kwa majina ya wote wanne: Berry, Buck, Mills na Stipe, bila kujali nani kaleta nini. Mpiga drams Bill Berry alipoondoka mwaka 1997, aliondoka kwa amani na haki zake mkononi.

NYUMBANI

36. Je, wajua kwamba sisi tunakijua kisa cha ndugu wa Buckley tangu zamani? Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, wakaijenga Simba Wanyika nchini Kenya. Mwaka 1978 mpiga rizimu Omar Shabani na wenzake wakajitenga wakaunda Les Wanyika, na mwaka 1980 George mwenyewe akamwacha kaka yake akaunda Jobiso. Kutoka kwenye jeraha hilo la kwanza tulipata wimbo *Sina Makosa*, unaochezwa harusini mpaka leo.

37. Wajua kwamba Dar es Salaam ilikuwa na soko la kuhama bendi lenye joto kama usajili wa Simba na Yanga? Muhiddin Gurumo alitoka Juwata kwenda Mlimani Park ilipoanzishwa 1978, na mwaka 1985 yeye, Hassan Bitchuka na wengine wakachukuliwa kwa mkupuo kwenda Orchestra Safari Sound. Mlimani Park ilitikisika, haikuanguka.

38. Wajua kwamba sheria iliyoizaa COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, ni ya mwaka 1999? Vibao vingi vya dhahabu vya dansi la Tanzania vilikuwa vimekwisha kurekodiwa wakati huo. Watunzi wetu waligombania heshima zaidi kuliko mirabaha, kwa kuwa mirabaha yenyewe ilikuwa adimu. Vijana wanaounda bendi leo wana karatasi ambayo wazee hawakuwa nayo. Waijaze mapema, wangali wanapendana.

39. Na je, wajua kilichompata Robby Takac, yule aliyeimba kwanza kisha akampisha mwenzake? Yuko palepale, karibu miaka 40 sasa, besi mkononi. Mwaka 2003 alianzisha Buffalo tamasha la sanaa liitwalo Music Is Art, ambalo huwapa jukwaa wasanii wa mji wake. Tarehe 4 Julai 2004 Goo Goo Dolls walipiga onyesho la bure mbele ya jumba la halmashauri ya mji huo. Mvua kubwa ikanyesha. Maelfu ya watu hawakuondoka, na wanabendi hawakushuka. Rzeznik alilowa akiwa kwenye kipaza sauti cha katikati, na Takac alilowa upande wake. Wimbo ulikuwa na jina la mtunzi mmoja. Mvua ile iliwanyeshea wote.